Bi Did Anipokea Mzigo

Jana mchana niliota kwamba kalamu yangu nyekundu imeacha kazi.

Sikukusudia kulala. Nilikuwa nimeketi mkekani sebuleni kwangu, hapa Muheza, na mitihani themanini na minne ya Kiingereza ya kidato cha pili. Nilikuwa nimeshiba ugali kwa kisamvu cha nazi, na mtu aliyeshiba kisamvu cha nazi saa nane za mchana akikwambia anasahihisha, anajidanganya mwenyewe. Hata hivyo nilikuwa nasahihisha. Mimi ni Mwalimu Siwema, huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili kufundisha Kiingereza, na sijawahi kuchelewesha karatasi za watoto hata siku moja.

Vyombo vya watu ni habari nyingine.

Juu ya kabati langu, nyuma ya rundo la magazeti ya zamani, palikuwa na hotpoti ya kijani. Mwenyewe ni jirani yangu, Bi Mwantumu. Miaka miwili iliyopita nilipasuliwa kidole tumbo, naye akaniletea uji na supu siku tisa mfululizo. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mara nane nilikirudisha na kitu ndani: machungwa, sukari kidogo, siku nyingine vitumbua viwili. Mara ya tisa nilikuwa nimepona, nikasema hapana, safari hii kitarudi na keki, tena keki ya maana inayolingana na siku tisa za supu. Nikangoja likizo. Likizo ikaja na mitihani ya majaribio. Baadaye nikaona keki peke yake haitoshi tena, kwa vile nimechelewa. Ulipotimia mwaka nikaanza kupita njia ya nyuma, kwenye michungwa ya watu na siafu, ili mradi nisipite mbele ya kibaraza cha Bi Mwantumu.

Sasa mama yangu amefariki. Tulimzika kwao Bumbuli, na kesho kutwa, Jumamosi, ni khitma ya arobaini yake, hapa nyumbani kwangu. Mtaani kwetu mpishi wa shughuli ni huyo huyo Bi Mwantumu. Yeye ndiye mwenye masufuria makubwa, na yeye akishaambiwa, wanawake wote wanakuja na visu vyao na mbuzi zao za kukunia nazi. Lakini ni lazima aambiwe, na aambiwe na mwenye shughuli mwenyewe, kwa mdomo wake na kwa miguu yake. Hatumwi mtoto, wala haipigwi simu. Kaka yangu Mbaruku alikuwa ameshanipigia mara tatu kutoka Tanga mjini: "Dada, umemwambia Bi Mwantumu?" Nami mara zote tatu nilimjibu, nitamwambia. Moyoni nilikuwa nimeamua kupika pilau ya watu mia na hamsini peke yangu, kwa jiko langu moja la mkaa. Nilijua kabisa haiwezekani. Nilikuwa sijapata usingizi siku nne.

Basi nimeinamia karatasi ya mtoto mmoja aliyeandika, "I did went to help my grandmother." Ni kosa la mwaka nenda mwaka rudi. Mtoto alikwenda kumsaidia bibi yake, vizuri sana, lakini ule wakati uliopita kaubebesha watu wawili, did na went, wakati mmoja alitosha. Nikainua kalamu niikate sentensi.

"Mwalimu," kalamu ikasema, "hii sikati."

Sikushangaa kuisikia ikisema. Nilichoshangaa ni kwamba ilikuwa na lafudhi ya Lushoto.

"Kwa nini hukati?"

"Nimekata watu miaka ishirini na miwili. Mkono unaniuma."

"Wewe huna mkono."

"Ndiyo maana hata sijui niukande wapi," ikasema, ikajivika kifuniko chake, ikalala kifudifudi mkekani.

Nikaiambia wino wake umelipiwa mpaka Desemba. Haikugeuka.

"Na hata ningetaka kukata," ikasema chini kwa chini, "utakata nini? Hebu soma."

Nasoma. Did hayupo kwenye karatasi. Mahali pake pana nafasi nyeupe, bado ina joto kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Nafunua karatasi ya pili, ya tatu, ya ishirini. Vitenzi visaidizi vyote, kina did, have na must, vimeondoka. Maswali yameanguka na kuwa matamko. Walioandika kwamba hawakuiba wanaonekana sasa kuwa wameiba, kwa sababu anayebeba "si" katika Kiingereza ni msaidizi, na msaidizi hayupo. Wanafunzi wangu sita wamekiri wizi wa miwa.

"Wamegoma," kalamu ikasema. "Vitenzi visaidizi wote. Nenda kazungumze nao wewe. Mimi niko likizo."

Nikafungua mlango wa sebule kwenda shuleni. Mlango ukatokea kwenye geti la Bi Mwantumu.

Hapo getini alikuwepo mlinzi. Alikuwa Alama ya Kuuliza, mzee, mgongo umepinda kabisa, ameketi juu ya nukta yake kama watu wanavyokalia kigoda. Alikuwa na rungu na kikombe cha chai ya tangawizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema shida yako."

"Nina swali kwa mwenye nyumba. Nataka kumuuliza kama..."

"Kwa Kiingereza," akasema.

"Bi Mwantumu hajui Kiingereza."

"Watoto wa watu nao hawakijui, na umewadai kwa miaka ishirini na miwili. Leo zamu yako." Akapuliza chai. "Nani anakutangulia?"

Nikageuka nyuma kutazama. Palikuwa na kuku tu.

"Mwalimu, wewe ndiye unayewafundisha. Swali la Kiingereza halipiti mlango huu mpaka msaidizi awe mbele, mwenye shida afuate nyuma. Umekuja peke yako, kifua mbele. Hilo ni tamko. Matamko yanapita njia ya nyuma."

"Njia gani ya nyuma?"

"Ile yenye siafu. Unaijua vizuri."

Uso ukaniwaka moto. Nikamuuliza nitawapata wapi hao wasaidizi. Akanionyesha kwa rungu, na pale alipoelekeza rungu ikawa ni jiko la shule yetu, lile la kuni, moshi unatoka mlangoni na tayari nimesimama ndani yake.

Wasaidizi wako watatu, wanawake watu wazima, wamejifunga kanga mbili mbili, wanamenya vitunguu. Sufuria yao ni kubwa kuliko chumba changu cha kulala. Mwenye umbo jembamba na kanga ya rangi iliyopauka ni Bi Did. Mnene, mwenye mkufu na vipochi saba kiunoni, ni Bi Have. Wa tatu ameshika mwiko na hacheki. Huyo ni Bi Must.

"Hodi," nasema.

"Karibu, shika kisu," anasema Bi Must.

Si ombi. Ninakaa, nashika kisu, namenya. Vitunguu vinapomenywa vinanong'ona majina ya wanafunzi wangu niliowapa sifuri.

"Nimekuja kuwaomba mrudi kazini," nikasema.

"Kazini tupo," Bi Have akajibu. "Wewe unaona tumekaa? Miaka yote tupo. Wanatuita visaidizi. Tunaamka kwanza, tunatangulia kwenye maswali, tunabeba kila 'si', tunabeba kila jana. Halafu sentensi ikipata vema, sifa anapewa nani?"

Akaashiria uani kwa kidevu. Uani, chini ya turubai, walikuwa wameketi wanaume kwenye majamvi wanangoja chakula. Walikuwa vitenzi vikuu: Bwana Eat, Bwana Sleep, Bwana Speak, na wengine niliozoea kuwaandika ubaoni kwa herufi kubwa. Walikuwa wakizungumza mpira.

"Sisi tunapika, jina la pilau ni la mwenye nyumba," Bi Have akamalizia.

"Sikuwahi kulifikiria hilo," nikasema, na ilikuwa kweli.

"Hukuwahi hata kutusalimia," akasema Bi Did. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikawasalimia pale pale, mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, shikamoo. Wakaitikia. Kwa ushahidi wangu, hapo ndipo moshi ulipopungua kidogo jikoni.

Mara anaingia Bwana Go. Ni mwanamume mrefu, na amevaa koti zito la sufu katika joto lile, limeandikwa mgongoni WENT. Nyuma yake anafuata mtoto wa mbwa mdogo mweupe.

"Chakula bado?" anauliza Bwana Go.

"Huyo mbwa nje," anasema Bi Must bila kugeuka.

"Huyu ni To. Huwa ananifuata popote."

"Kwa wengine akufuate. Mimi nikiwa mbele haingii. Nimeshasema maisha yangu yote." Akainua mwiko. Mtoto wa mbwa akatoka mwenyewe, akaketi kizingitini, akatutazama kwa huzuni. Nilimwonea huruma. Nimemfukuza mbwa huyo kwenye madaftari, kila mtoto anapoandika must to go, kwa miaka ishirini na miwili na sikuwahi kujua kwamba ana masikio marefu namna ile.

Bi Did akainuka, akamsogelea Bwana Go.

"Nimeshafika, baba. Vua koti nikupokee."

"Koti langu," akasema Bwana Go.

"Ni la jana. Mimi nikiwepo, jana naibeba mimi. Wewe unakwenda ulivyo, mwepesi, na shati lako."

"Nimelizoea."

"Unatoka jasho."

"Najua. Lakini watu watasema nini wakiniona nimekwenda hivi hivi?"

Akang'ang'ania. Bi Did akashika ukosi, Bwana Go akashika pindo, wote wawili wakawa wameibeba jana ile ile, na mlango wa jiko ni mwembamba. Wakakwama. Bwana Go hakwenda, Bi Did hakutoka, na sufuria ikaanza kuungua. Uani wanaume wakaacha mpira, wakauliza kuna nini. Nikasikia kalamu yangu ikilia kutoka mbali, "Mwalimu, usiniite, sikati!"

"Vua koti, mwanamume wewe!" nikapiga kelele. "Mzigo mmoja unabebwa na wawili wa nini? Mwenzio kaja kukupokea na wewe bado umeng'ang'ania! Huo ni ukaidi au ujinga?"

Jiko zima likanyamaza. Hata vitunguu. Bwana Go akanitazama, tena hakunitazama usoni. Alinitazama juu ya kichwa.

"Na wewe mwenzangu," akasema, "umejitwika nini?"

Nikapeleka mkono kichwani. Ilikuwa hotpoti ya kijani. Nilikuwa nimeifunga kwa kanga chini ya kidevu, mafundo matatu, na nilikuwa nayo tangu nilipotoka nyumbani. Shingo yangu ilikuwa imezama mabegani, na sikuwa nimeona.

"Ina nini?" akauliza Bi Did.

"Haina kitu. Ni tupu. Ndiyo shida yenyewe."

"Mbona shingo imekuzama hivyo?"

Bi Have akanisaidia kufungua mafundo, Bi Must akafunua kifuniko kwa ncha ya mwiko. Ndani mlikuwa na miaka miwili. Ilikuwa imekunjwa vizuri, imepigwa pasi, kama mashuka ya wageni. Bi Did akaitoa mmoja mmoja na kuitandaza mezani. Ile keki ambayo sikuoka. Siku ya kwanza niliyopita njia ya nyuma. Siku Bi Mwantumu alipofiwa na shemeji yake, nami nikaenda mazikoni nikakaa mwisho kabisa, nikaondoka kabla ya dua. Idi mbili. Mkono niliompungia kutoka mbali, haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Na chini kabisa, bado ina mvuke, supu ya siku ya tisa, niliyoinywa yote na kulamba kijiko.

Nikalia. Siwezi kusema vinginevyo. Nililia mbele ya vitenzi vikuu vyote vya Kiingereza.

"Nilimpenda sana kwa supu ile," nikasema. "Ndiyo maana nikashindwa kurudisha chombo. Ningekuwa simpendi ningekirudisha na machungwa."

"Hilo tunalijua," akasema Bi Did. "Sasa nipe."

"Ni aibu yangu, niache niibebe."

"Mwalimu, watoto wa watu unawapa sifuri kwa kosa gani?"

Nikafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Kubeba jana wakati msaidizi ameshaibeba."

"Ehee. Mimi kazi yangu ni jana. Sina kazi nyingine duniani. Nikiwepo mimi, anayefuata anakwenda alivyo."

Bwana Go akawa wa kwanza kuvua koti. Akalivua polepole, akalikunja, akampa Bi Did, akabaki na shati jeupe lenye kifungo kimoja kimekatika. Akajinyoosha. "Kumbe nje kuna upepo," akasema, akatoka, na mtoto wa mbwa akamfuata kwa furaha.

Na mimi nikampa Bi Did hotpoti. Akajitwika juu ya lile koti lililokunjwa, kana kwamba koti ni kata ya kichwani. Nikahisi shingo yangu inapanda kutoka mabegani, pingili baada ya pingili. Nilikuwa mrefu. Nilikuwa nimesahau.

"Ngoja," akasema Bi Have. "Chombo cha mtu hakirudi kitupu, ninyi mna wazimu?" Akafungua kipochi cha nne kiunoni, akatoa kitu, akakitia ndani na kufunika. "Mimi ndiye mwenye navyo hapa. Iliki, punje saba. Huyo mama iliki imemwishia tangu Jumanne, na kwa ubishi wake hataki kuomba mtu."

"Tumeshachelewa," akasema Bi Must, na kwa sababu yeye ndiye aliyesema, tukaondoka.

Getini kwa Bi Mwantumu mzee Alama ya Kuuliza alikuwa amemaliza chai. Bi Did mbele na mzigo kichwani, mimi nyuma mikono mitupu. Akatukagua toka juu mpaka chini.

"Sasa hilo ni swali," akasema. "Uliza."

Nikauliza, kwa Kiingereza sanifu, kama Bi Mwantumu aliwahi kunichukia. Did akatangulia, nami nikafuata. Kila kitu kilikaa mahali pake. Nafikiri ni sentensi bora kuliko zote nilizopata kusema.

Geti likafunguka kidogo. Nikangoja jibu. Mzee akaniambia jibu ataleta mwenye nyumba mwenyewe, yeye kazi yake ni maswali tu.

"Na lile la pili?" nikauliza. "La Jumamosi. Kama atakuja kunipikia. Nalo nitafute msaidizi?"

Mzee akainuka kutoka kwenye nukta yake. Mara ya kwanza nikaona mgongo wake unaweza kunyooka.

"Hilo uliza kwa Kiswahili. Kiswahili hakina haja ya mtu kukutangulia. Neno moja tu, ndani yake yupo yeye, ipo kesho, ipo na kazi yenyewe. Unalo mdomoni tangu utotoni." Akanifungulia geti lote. "Nenda, mwalimu. Nenda ulivyo."

Nikaingia, na geti likawa ni adhana ya alasiri.

Niliamka mkekani na karatasi imeganda shavuni. Kalamu ilikuwa imelala kifudifudi na kifuniko chake. Ile sentensi ya mtoto na bibi yake ilikuwa pale pale, did na went wamerudi wote wawili, haijakatwa.

Nikainuka. Sikunawa uso. Kama ningenawa uso ningefikiri, na kama ningefikiri ningeanza kutafuta unga wa keki. Nikapanda kwenye kiti, nikaondoa magazeti, nikaishusha hotpoti ya kijani. Nikaipangusa vumbi kwa kanga na kuitia kwapani bila kuifungua, maana nilijua mna nini ndani yake. Hamna kitu. Miaka miwili haina kitu. Nikatoka kwa mlango wa mbele.

Bi Mwantumu alikuwa kibarazani anachagua mchele kwenye ungo. Nikamwendea moja kwa moja.

"Shikamoo, Bi Mwantumu."

"Marahaba, Mwalimu." Hakuonyesha kushangaa. Akasogea kidogo, akaniachia nafasi kwenye jamvi. "Kaa."

"Sikai mpaka niseme. Nimekuletea chombo chako. Kimekaa kwangu miaka miwili, na kinarudi kitupu. Niliona haya, Bi Mwantumu. Nikawa nakukimbia. Kama ulinichukia, ulikuwa na haki."

Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele, moja, mawili.

"Nilichukia," akasema. "Siku moja. Ile siku ya kwanza nilipokuona unapita kwenye michungwa. Nikajiuliza, huyu nimemkosea nini? Siku ya pili nikakuona unaruka siafu, umeshika sketi na mafaili, unapiga kelele. Nikacheka mpaka nikalala. Tangu siku hiyo kila saa tisa na nusu naweka kiti changu dirishani. Mwalimu, umenipa raha mtu mzima mimi."

"Ulikuwa unaniona?"

"Mtaa mzima tunakuona, mwanangu. Mimi hotpoti ninazo kumi na moja. Sikuwa nangoja hotpoti."

Nikakaa. Kulikuwa na jambo moja limebaki, na nikalisema kabla halijaoza.

"Jumamosi ni arobaini ya mama. Utakuja?"

Lilikuwa neno moja tu. Lilitoka kirahisi mpaka nikataka kucheka.

"Nilidhani hutasema," akasema Bi Mwantumu, na sasa yeye ndiye aliyeinua kanga kufuta macho. "Nimeosha masufuria tangu Jumatatu. Mama Zubeda kanoa visu. Mwanamsiti kaniuliza jana, tunakwenda au hatuendi, nikamwambia, hajasema bado, tutamwingiliaje mtu na arobaini ya mama yake? Nilikuwa sina amani, Mwalimu. Mama yako alikuwa akija kwako anapitia hapa kunisalimia, ananiletea chai ya Bumbuli. Nisimpikie?"

Kitu fulani kifuani mwangu kilichokuwa kimesimama tangu tumzike mama kikakaa chini. Nikavuta pumzi, nikaiachia, nikavuta nyingine. Nikamwambia asante. Nikamwambia tena. Akaniambia nyamaza, nishike upande wa pili wa ungo.

Tukachagua mchele. Alikuwa ameshapanga kila kitu kichwani: masufuria mawili ya pilau, moja la nyama, kachumbari afanye Mwanamsiti kwa sababu mkono wake hautii chumvi nyingi, na mimi nisiguse chochote ila kupokea wageni. Nikafungua kinywa nibishe. Nikamkumbuka Bwana Go amekwama mlangoni na koti lake, nikafunga kinywa.

"Tatizo ni viungo," akasema. "Bizari ipo, mdalasini upo. Iliki ndiyo imeniishia tangu Jumanne, na Jumamosi sokoni watu wanajaa."

Mkono wangu ukasimama juu ya mchele.

"Bi Mwantumu," nikasema, "hebu fungua chombo chako."

"Si umesema kitupu?"

"Nilisema. Fungua."

Akaiweka hotpoti magotini na kuzungusha kifuniko. Kilikuwa kimeshika kwa kukaa muda mrefu, akakizungusha mara ya pili mpaka kikalia. Harufu ikatoka kwanza. Akainamia ndani, akatia vidole, akavitoa, akafumbua kiganja baina yetu. Hakuwa na haja ya kuzihesabu, lakini nilizihesabu mimi, na zilikuwa saba.